Mti Namba 41 Nimeupa Sita

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya ushindi! Miti sitini ya barabara kuu nimeikagua yote kwa siku mbili. Bwana Rula, mkaguzi mwenzangu, kwa wiki mbili amefika mti wa kumi na tisa. Tunamwita hivyo kwa sababu hapigi mstari hata chini ya jina lake bila rula. Mkuu wa idara alipopokea faili langu alilipimapima uzito mkononi, akasema mbele ya watu wote kwamba huo ndio mwendo anaoutaka. Ijumaa anamtangaza msimamizi mpya wa kitengo cha miti. Mwenye orodha iliyokamilika, isiyo na mti mwekundu, ndiye atakayehamia kile chumba chenye mlango. Ni mimi au Bwana Rula. Ni mimi.

Siri yangu naiandika hapa tu. Sikutoka ofisini. Nilichukua fomu za mwaka jana, nikanakili, nikaongeza mwaka mmoja kwenye umri. Mti ni mti. Hauhami.

Fomu yenyewe ni rahisi. Kisanduku cha kwanza: uwezekano wa kuanguka, moja hadi tano. Cha pili: madhara kwa walio chini yake, moja hadi tano. Unazidisha. Chini ya kumi ni kijani. Kuanzia kumi na tano ni nyekundu: watu wanaondolewa, barabara inafungwa, mti unakatwa ndani ya siku mbili, na mkaguzi anaandika maelezo yenye tarehe na picha za kila ziara yake. Mimi sina ziara hata moja.

Jioni mke wangu amenitibulia chakula. Mama yake analalamika kuhusu mti namba 41, ambao anashonea nguo chini yake mwaka wa ishirini sasa. Ati shina limeota uyoga, na upepo ukipita mti unalia juu ya cherehani. Nimemwambia mti huo nimeukagua mimi mwenyewe na nimeupa sita. Akauliza nilikwenda lini. Nikamwomba chumvi. Ilikuwa mbele yangu.

Jumanne, 5 Machi

Nimepita kuuangalia ili moyo utulie. Kosa kubwa!

Uyoga una upana wa sahani, umelizunguka shina upande wote wa barabara. Nilichomeka fimbo ya chuma ya ukaguzi kwenye mzizi nikitarajia igome. Iliingia mpaka kwenye mpini. Nilipoichomoa ilitoka na ungaunga wa kahawia, umelowa. Nikagonga shina kwa nyundo ya mbao. Mti mzima hujibu ko, ko. Huu ulijibu bu. Nikainua macho. Juu kidogo ya kichwa changu, pale shina linapogawanyika mara mbili, pana ufa unaoweza kuingiza kiganja. Upande mmoja, mzito kuliko lori, umejinyoosha hewani juu kabisa ya kiti cha mama mkwe.

Sita! Huu ni tano mara nne. Ishirini! 

Mama mkwe alifurahi kuniona. Aliinuka, akapangusa benchi ya wateja, akasema karibu baba, leo umekuja kuuona mti wetu? Nikasema hapana mama, nimekuja kukusalimia tu. Akasema sina mfano, wakwe zake wengine hata simu hawapigi. Fundi viatu, ambaye kijiwe chake kiko upande wa pili wa shina, akauliza mbona salamu zimekuja na nyundo. Huyu mtu sijawahi kumpenda.

Nikajaribu kumhamisha mama mkwe kwa adabu. Nilimwambia kivuli kinaua macho ya washonaji. Akachukua sindano, akapitisha uzi mara ya kwanza, bila miwani, kisha akanipa mimi nijaribu. Nilijaribu mara sita. Nikamwambia kule ng'ambo kuna baraza nzuri ya duka, yenye sakafu. Akasema wateja wake wanamjua hapa, na mti huu umemvumilia kuliko marehemu mume wake. Mkwe habishani na mkwe.

Kabla ya kuondoka nilisimama juu ya benchi, nikabandika kipande cha karatasi juu ya ufa kwa gundi ya ofisi. Ndivyo kanuni inavyosema: karatasi ikichanika, ufa unatembea. Mama mkwe aliuliza ni nini. Nikasema ni tangazo. Akasema halina maandishi. Nikasema bado.

Saa kumi na moja jioni. Nimepata! Kwa nini nihangaike na kisanduku cha kwanza? Nishike cha pili! Mti ukiwa mbovu lakini chini yake hakuna mtu, hesabu ni tano mara moja. Tano! Kijani kuliko sita yenyewe! Sihitaji kugusa faili. Ninahitaji tu kuwaondoa watu pale kabla ya Ijumaa, bila kuwaambia kwa nini. Nimewahi kujisifu bure, lakini leo ninastahili.

Jumatano, 6 Machi

Samadi. Magunia manne, mabichi, kutoka kwa mfugaji wa nyuma ya machinjio. Nimeyamwaga chini ya mti saa moja asubuhi, upande wa nje, pale penye kiti cha mama mkwe na benchi ya wateja. Nilivaa koti la kazi ili nionekane rasmi. Hakuna binadamu atakayekaa hapo. Nilijificha nyuma ya kibanda cha vocha kusubiri.

Mama mkwe alifika, akasimama, akanusa. Akacheka! Alimwambia fundi viatu kwamba hatimaye mji umekumbuka kuutia mti wao mbolea. Kisha akachukua ufagio, akaisogeza samadi vizuri kuzunguka mizizi, na kwa sababu nafasi ya nje sasa ilikuwa inanuka, akabeba cherehani, meza na kiti, akavisogeza ndani. Kabisa. Mgongo kwenye shina, chini ya ufa wenyewe.

Nilitaka kupiga kelele. Nilifungua mdomo. Lakini ningesema nini, na faili langu liko mezani kwa Mkuu?

Saa saba mchana nilirudi, nikijifanya nina kifungo cha shati cha kushonwa. Nilikikata mwenyewe nikiwa njiani. Wakati anashona nilitazama juu. Karatasi imechanika katikati. Siku moja tu! Mama mkwe akauliza mbona nimepauka, kwani binti yake hanilishi?

Nilibandika karatasi nyingine. Hii nimeilegeza katikati, ining'inie kidogo, ili isichanike upesi. Moyo umetulia kiasi.

Saa tisa, balaa jipya. Bwana Rula amemwandikia Mkuu barua, ameipigia mstari, akiomba miti mitatu ya orodha yangu ikaguliwe upya, ati kwa ajili ya uhakika. Mkuu akakubali. Alivuta karatasi tatu zenye namba za miti kutoka kwenye kikombe chake cha kalamu. Namba 8. Namba 53. Ya tatu aliifungua polepole, mimi nikiangalia kidole gumba chake. Arobaini na moja.

Alhamisi, 7 Machi

Niliamka kabla ya jua. Mke wangu akauliza ninakwenda wapi na nyundo, safari hii ya chuma. Nikasema kazini. Ilikuwa kweli.

Kila mti una kibao cha bati chenye namba, kimepigiliwa msumari. Hatua kumi kutoka 41 kuna mti namba 42, kijana, umenyooka, gome safi, hauna hata kichuguu. Bwana Rula haoni kitu ambacho hakijaandikwa kwenye karatasi yake. Karatasi inasema 41. Basi apewe 41! Nikang'oa vibao vyote viwili, nikavibadilisha. Kwenye mti kijana nyundo ilinirushia mkono mpaka kwenye kiwiko. Kwenye mti mzee sikuhitaji nyundo. Msumari uliingia kwa kidole gumba.

Nilisimama pale kidogo na kidole changu. Sikupenda.

Saa nne, 8 na 53 ikiwa imepita salama, Bwana Rula alikuja na mimi nikiwa shahidi. Alisoma kibao: 41. Akagonga: ko, ko. Fimbo ya chuma iligoma. Akaniangalia kwa huzuni ya mtu aliyetegemea mabaya. Kisha akatoa futi ya kitambaa, akauzungushia mti. Mzingo! Nilisahau mzingo! Fomu yangu inasema sentimita 388. Futi ilisema 88. Alipima mara tatu. Hatua kumi kutoka kwetu mama mkwe alikuwa akinipungia mkono, na juu yake ule mti ulikuwa ukilia taratibu, kii, kii, na mimi nikikohoa ili kuufunika.

Nikamwambia ni kosa la mchapaji, ile tatu ya mwanzo imejipenyeza tu. Bwana Rula akatoa rula, akaikata ile tatu kwa wino mwekundu, akatia saini, akanitaka na mimi nitie saini. Hivyo ndivyo kumbukumbu za serikali zinavyosema sasa: mti namba 41, mzingo 88, mzima kabisa. Nimepita! Nilimshukuru kwa kunisahihisha. Alisema si kitu.

Furaha ilidumu mpaka saa nane. Upepo uliingia ghafla, wa vumbi na makaratasi. Nilikuwa ng'ambo ya barabara nikinywa chai. Fundi viatu aliinuka kuniomba nimwagizie na yeye kikombe. Alikuwa hajapiga hatua tatu, tawi nene kama paja likashuka juu ya kigoda chake. Kigoda kilikuwa vipande. Watu walicheka jinsi alivyoruka. Yeye hakucheka. Mama mkwe aliinua kichwa, akapangusa majani kwenye kitambaa, akaendelea kushona.

Yule ni bibi wa wanangu. Ndiye aliyeniombea kwa baba yake mke wangu, siku wote walipokwisha kunikataa. Nitakula wapi, nitaangalia wapi, ikiwa...

Saa kumi jioni. Nimetulia. Nimepata njia ya haki, na ina faida mbili. Nimeandika barua isiyo na jina kwa Mkuu: Mti namba 41 utaua watu, ukatwe kesho asubuhi, nakala kwa magazeti yote. Sahihi: Mpita Njia. Mkuu haogopi kitu duniani isipokuwa nakala. Mti utakatwa, mama mkwe atapona. Na nani aliyeupitisha mti 41 leo hii asubuhi kwa wino mwekundu? Bwana Rula! Ninakaribia kumhurumia.

Saa kumi na moja. Mkuu ameiona. Amepiga simu kwa kikosi cha misumeno huku amesimama. Kesho saa tatu. Nimekula vizuri leo kuliko siku zote za wiki hii.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike haraka.

Nilifika saa tatu na robo, nimevaa tai, kwa ajili ya kutangazwa. Kutoka mbali nilisikia msumeno. Nilitabasamu. Nilipokata kona nikaona kamba nyekundu imezungushwa, kofia za chuma, msumeno unakula gome. Mti kijana! Wanakata mti kijana!

Vibao. Sikuvirudisha vibao!

Msimamizi wa kikosi alikuwa na karatasi mkononi. Namba 41. Mzingo 88. Vyote sawasawa. Na kwa kuwa ni mtu mwangalifu, alikuwa amewaondoa watu wote hatua kumi kutoka pale, kwa usalama wao. Aliwaelekeza kwenye kivuli kikubwa. Niliwahesabu wakati nakimbia, sijui kwa nini. Walifika arobaini. Wauza duka, wapita njia, fundi viatu, Bwana Rula na faili lake, Mkuu mwenyewe amekunja mikono. Katikati yao, mgongo kwenye shina, mama mkwe akipindua ukingo wa suruali.

Upepo ulikuwa umeanza.

Hata hapo, aibu naiandika, nilijaribu ujanja kwanza. Nilipaza sauti kwamba kuna nyuki! Watu walitazama juu. Walisogea karibu zaidi na shina ili waone mzinga uko wapi. Nikasema kuna nyoka. Fundi viatu akaniambia niamue, nyuki au nyoka. Mkuu akauliza kama ninaumwa.

Nikatazama ufa. Ile karatasi niliyoilegeza ilikuwa imenyooka kabisa, imekaza. Nikaiona inachanika. Polepole, kutoka chini kwenda juu.

Hapo ndipo nilipopiga ukelele ambao sikujua kama ninao. Vibao nimevibadilisha mimi! Mti mbovu ni huu! Sijawahi kuukagua, sijakagua hata mmoja, ondokeni! Bwana Rula alikuwa wa kwanza kuelewa. Lazima niseme ukweli, alilitupa faili, akaanza kuwasukuma watu kwa mikono yote miwili, Mkuu akiwemo. Watu wakatimka.

Mama mkwe alisema ngoja nimalize mshono huu.

Kuna mambo ambayo mtu hamfanyii mama wa mke wake. Nilimbeba. Nilimkumbatia kiunoni mbele ya barabara nzima, nikamnyanyua na suruali ya mteja ikiburuta, akinipiga mgongoni kwa mkebe wa vifungo. Nilihesabu hatua tisa. Ya kumi ardhi iliruka.

Vumbi lilipotulia, upande mzima ulikuwa umelala juu ya barabara. Cherehani haikuonekana. Baadaye walitoa gurudumu lake, limekunjwa. Hakuna mtu aliyeumia. Hakuna hata mmoja! Nililia bila kujificha.

Nilimteremsha mama mkwe. Alijitengeneza nguo. Alitazama pale palipokuwa na kiti chake. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ulijua tangu lini?"

Nikasema tangu Jumanne.

"Jumanne ulikuja kunisalimia," akasema. Halafu akamwomba fundi viatu amsindikize nyumbani.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu anaongea na mimi kwa kutumia vifuniko vya sufuria. Watoto wameambiwa wanipishe.

Msimamizi mpya wa kitengo cha miti ni Bwana Rula. Amekwisha kuanza upya orodha yangu, mti mmoja mmoja, na jana jioni alifunga barabara mara mbili. Mimi nimepewa onyo la mwisho, kurasa mbili, na nimehamishiwa kitengo cha madaraja ya waenda kwa miguu. Mkuu alisema hakunifukuza kwa sababu ya zile hatua kumi. Alinishika mkono. Nikamwapia kwa roho ya watoto wangu kwamba nimebadilika, na wakati nasema nilikuwa nimebadilika kweli.

Mama mkwe hajaja. Nimesikia amekubali ile baraza ya ng'ambo, na ameazima cherehani ya mkono kwa dada yake.

Jumatatu, 11 Machi

Kitengo kipya, meza nzuri, karibu na dirisha. Nina madaraja kumi na manane. Fomu ni ileile, visanduku vilevile viwili. Mkuu ametaka ripoti mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi! Watu hapa wana mwendo wa konokono. Nikitoa ripoti mapema ataona mtu wa aina gani anamwonea.

Kabatini nimekuta fomu za mwaka jana. Nilizitazama tu, nipate kujua watu waliandikaje.

Saa sita kasoro nimemaliza yote kumi na manane. Hii si kama miti. Mti ni kitu hai, unaoza kwa ndani, huwezi kuuamini. Daraja ni chuma. Mawili nayaona kutoka hapa dirishani na watu wanapita bila shida yoyote. Bwana Rula, nasikia, bado yuko mti wa tatu.

Mchana mke wangu amenipigia simu ofisini, mara ya kwanza kunisemesha tangu Ijumaa. Ameuliza kuhusu lile daraja refu la chuma lililo juu ya barabara kuu. Mama yake sasa hupita pale asubuhi na jioni kwenda barazani, na cherehani kichwani, na anasema linacheza. Nimemwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo, nimelikagua mimi mwenyewe leo hii na nimelipa alama nne. Akashusha pumzi, akaniambia asante, mume wangu. Nimefurahi mno. Nikipata nafasi wiki hii nitapita nikalione.